Ijumaa ya Mafuta

Madurai, 17 Juni 1994

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza makelele tangu joto lishuke. Mimi sijambo. Bado nakaa bweni la wauguzi, chumba kimoja na Arputham anayekoroma hadi vyombo vinatikisika. Tangu mama afariki, wewe ndiye mama niliyebaki naye, kwa hiyo usikae kimya muda mrefu, naingiwa na hofu.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika.

Unajua Ijumaa ni siku ya wanawake kuoga kwa mafuta, na hapa wodi ya wagonjwa wa akili hatuiruki. Sista Rosammal, mkuu wetu, asubuhi hiyo hufunga ofisi kwa kufuli, ufunguo anautia kifuani, na wauguzi wote anatufukuza tukakae barazani na wagonjwa. "Humo ofisini hamna kichwa chenye chawa," anasema. "Tokeni." Basi tunakaa mkekani, mgonjwa mbele, muuguzi nyuma, bakuli la mafuta ya nazi kando. Hatuulizi kitu. Tunapaka, tunachana, tunasuka. Anayetaka kusema anasema, anayetaka kutukana anatukana. Kuna Bibi Pechi, ambaye kwa maneno yake ni mama mzazi wa mkuu wa mkoa. Huyo kila wiki ananishtaki: "Nyie wauguzi vichwa vinang'aa, vyetu vimekauka! Mafuta mnayapeleka wapi? Ngoja mwanangu aje, atawafukuza kazi wote!"

Dada Thenmozhi alikuwa hajatamka neno tangu wewe na kaka Sudalai mlipomleta mwezi wa tatu. Daktari akimkalisha mbele yake na kumuuliza maswali, anatazama vidole vya miguu. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimefika katikati ya msuko, akasema bila kugeuka: "Ponni analia usiku?"

Nilimwambia sijui, nitauliza. Kwa hiyo nakuuliza, Mama Mkubwa. Ponni analia usiku? Anakula nini? Siku mliyokuja ulikuwa umemwacha kwa jirani, sikumwona. Niandikie hata mstari mmoja nimpelekee mama yake.

Mwanao,
Poongodi


Karuvelankulam, 11 Julai 1994

Mwanangu Poongodi,

Marahaba. Barua yako imefika, na macho yote ya postamasta yako juu yake. Safari nyingine usiandike jina la hospitali nyuma ya bahasha. Yule Ganapathi anasoma bahasha za watu kama gazeti. Hapa kijijini Thenmozhi yuko Coimbatore, kwenye kiwanda cha nyuzi. Ndivyo nilivyosema na ndivyo itakavyokuwa.

Goti ni lilelile. Mvua imetuonjesha kidogo ikaenda zake. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja kipofu, lakini ana mdomo kuliko mwenzake. Sudalai ameandika kutoka Maskati, anasema joto la huko linapika yai juu ya bati. Nilimwambia kwani hapa halipiki? Yule mume wa Thenmozhi hajakanyaga hapa. Wazazi wake wakiniona sokoni wanageuka kutazama vitunguu.

Nimemkabidhi mwalimu Velu chupa ya mafuta akuletee. Nimeyachemsha mwenyewe na maua mekundu ya uani na uwatu, kama nilivyomfanyia tangu mdogo. Mpake utosini kwanza, siyo kwenye ncha kama mnavyofanya huko mjini.

Kula vizuri. Mara ya mwisho ulikuwa mifupa tu.

Mama yako mkubwa,
Valliammal


Madurai, 5 Agosti 1994

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hongera kwa mapacha wa mbuzi. Nimemsimulia Sista Rosammal habari ya yule kipofu akacheka mpaka akakaa chini. Kwetu hapa maji ya bomba yamekatika wiki nzima, tunabeba ndoo, na Arputham amepata uhamisho, kwa hiyo sasa nakosa usingizi kwa ajili ya ukimya.

Mafuta yamefika. Nilipofungua chupa tu, dada alinyanyua kichwa kabla sijamgusa. "Mama amekuja?" Nikamwambia ameleta mafuta. Akanusa kiganja changu muda mrefu. Halafu akanipa mgongo, nikaanza utosini kama ulivyosema, naye akauliza tena: "Na mtoto?"

Mama Mkubwa, barua yako nilikuwa nimeisoma mara tatu. Mbuzi wamo, Ganapathi yumo, hata vitunguu vimo. Ponni hayumo. Ningejibu nini? Nilisema mtoto mzima. Akauliza kama ana meno. Nikasema mawili, ya chini. Mabega yake yalishuka, Mama Mkubwa, niliyahisi kwa mikono yangu yakishuka. Jioni akala wali wote na kuomba mtindi zaidi.

Sasa kila Ijumaa anataka zaidi na mimi kila Ijumaa natunga. Ponni anatambaa. Ponni anamvuta mbuzi mkia. Hata rangi ya gauni nimetunga. Narudi bweni nikiogopa, kwa sababu huyo mtoto ninayemsimulia simjui kabisa.

Daktari anasema dawa zimemkubali na anaweza kutoka. Lakini lazima aje mzazi au mume kutia sahihi. Mimi binti wa mama mdogo sihesabiki. Naomba uje. Kama huwezi, naomba kitu kimoja tu cha kweli kuhusu Ponni.

Poongodi


Karuvelankulam, 22 Septemba 1994

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Goti linauma. Mbuzi kipofu amekufa. Kisima cha uani nimekiwekea mbao juu na mawe juu ya mbao, maji sasa nachota bomba la barabarani. Majirani wanasema Valliammal amerogwa, ana maji nyumbani na anapanga foleni na ndoo. Waache waseme.

Huko kuna daktari, kuna wauguzi, kuna wewe. Yuko mahali pazuri. Usinifanyie haraka.

Sikukuambia utunge. Ulitunga mwenyewe.

Valliammal


Madurai, 24 Oktoba 1994

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Pole kwa goti, pole kwa mbuzi. Sina habari nyingine za kutangulizia. Nimeharibu.

Ijumaa moja dada alikuwa na furaha. Nilikuwa nimemchomeka asumini nyweleni, anajitazama kwenye kioo cha Bibi Pechi kilichopasuka. Akauliza kama Ponni bado hajatobolewa masikio, maana umri umefika. Nami ulimi wangu ukateleza. Nikasema ametobolewa, kwenye hekalu la kilimani, na kichwa kimenyolewa, alilia kidogo tu.

Akauliza: "Alipakatwa na nani?"

Mama Mkubwa, mimi nimeshakuwa mtu wa mjini. Huku watoto wanapelekwa kwa sonara, anayepakata ni yeyote aliye na mapaja, yameisha. Nikakumbuka tu kwamba huko kwetu lazima apakate mjomba, nikajibu harakaharaka: "Si mjomba wake!"

Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye msuko. Akasema taratibu, "Kaka yuko Maskati."

Akainuka. Akaitoa asumini kichwani akaiweka ndani ya bakuli la mafuta. Tangu hapo hajasema neno, na Ijumaa anakaa ukutani, mgongo ameuegemeza ukutani ili asipate mtu nyuma yake. Hali chakula vizuri. Nywele zimeshikana, chawa wamerudi. Bibi Pechi amenitazama mbele ya watu wote na kusema, "Muongo kuliko wote humu ni wewe, na hupewi hata dawa."

Na liko jambo jingine. Kila mwaka baada ya sikukuu ya mavuno ya Pongal, mwezi wa kwanza, hospitali hupeleka wodi ya nyuma wale ambao hakuna aliyekuja kuwachukua. Huko wagonjwa ni wengi na muuguzi ni mmoja, hakuna Ijumaa ya mafuta. Siku ya kuhamia kinyozi anakuja anawakata wote nywele mpaka kwenye ngozi. Nimefanya kazi hapa miaka, sijaona aliyerudi kutoka huko kwenda kwao. Orodha inaandaliwa na jina la dada limo.

Sasa nakuuliza wazi, na unisamehe. Ponni yu hai? Kwa nini umefunika kisima?

Poongodi


Karuvelankulam, 13 Novemba 1994

Mwanangu Poongodi,

Marahaba. Nilipoisoma barua yako nilitupa kijiko ndani ya mchuzi wa sambari, ukanirukia. Yu hai! Yu hai, mzima, mnene, ananivuta hereni sasa hivi ninavyoandika, hilo doa hapo pembeni ni mate yake. Mungu akusamehe kwa kuwaza hivyo, na mimi anisamehe kwa kukuacha uwaze.

Meno anayo manne. Hatambai, anajisogeza kwa makalio. Masikio hajatobolewa. Nitatoboaje na mjomba hayupo, mama hayupo?

Nitakuambia, halafu usiniulize tena. Sudalai mwenyewe hajui. Yeye nilimwambia tu kwamba dada yake halali wala hali.

Ilikuwa asubuhi, natoka kukamua mbuzi. Nilimkuta Thenmozhi ukingoni mwa kisima. Mtoto alikuwa juu ya jiwe la kufulia, amefungwa kwenye kipande cha sari yangu ya zamani, na mikono ya mama yake imenyooka kumwelekea. Sijui nilikimbiaje na goti hili. Nilimnyakua mtoto nikaingia ndani nikapiga komeo. Thenmozhi alikuwa anasema kitu huko nje, sikusikiliza. Kwa mchana wote nilimpa maji yake kupitia dirishani. Mwanangu wa kumzaa, nampa maji dirishani kama mwizi.

Sasa unaelewa. Kila nikitaka kuandika jina la Ponni kwa ajili yake, naiona ile mikono, kalamu inaenda kwa mbuzi. Unasema anaweza kutoka. Daktari wako atakaa uani kwangu? Mimi ni mmoja, nina usiku na mchana, nina goti. Nikimleta huyu nitamlinda yule lini? Nikimwacha huko, nimemzaa wa nini? Nalia jikoni na moshi unabeba lawama.

Usimwambie nimekuambia.

Valliammal


Madurai, 5 Desemba 1994

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimelia kwa furaha, kisha nimelia tena. Lile doa la mate nimelikata na mkasi, nikaenda nalo wodini. Umenikataza kusema jambo la kisima, sikusema. Lakini la mtoto nilikuwa lazima niseme.

Nilikaa sakafuni mbele yake, si nyuma. Nikamwambia: "Dada, nilikudanganya. Meno, gauni, hekalu, vyote nilitunga, kwa sababu nilikuwa sijui. Sasa najua. Ana manne. Hatambai, anajisogeza kwa makalio. Masikio hajatobolewa, anasubiriwa mjomba, na mama. Haya hapa ni mate yake."

Aliichukua ile karatasi akaitazama. Akasema, "Kwa makalio?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kama Sudalai alipokuwa mdogo. Mama alikuwa anamwita kaa." Kisha akageuka, akanipa mgongo.

Nywele zilikuwa fundo moja. Nilifungua na vidole na mafuta yako yaliyobaki, Sista Rosammal akaniachia asubuhi yote, na Bibi Pechi akanishikia bakuli, akinisimamia nisiibe. Sikuuliza kitu, naapa. Yeye ndiye aliyeanza, na nakuandikia alivyosema.

"Kuna sauti ilikuwa inaniambia niende naye kisimani. Kila nikimnyonyesha, inaniambia twende wote. Asubuhi ile nikaona nikiendelea kumshika, nitakwenda naye kweli. Nikamweka kwenye jiwe. Nikamfunga vizuri asiviringike. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemtoa mikononi Mama akaja. Nilimwambia, Mama, mchukue. Alikuwa ameshafika mlangoni."

Mama Mkubwa, ile mikono uliyoiona ilikuwa inatoka kwa mtoto, si kumwendea.

Sikuandikii haya ili nikuambie hakuna hatari. Ilikuwepo, na yeye alikuwa anakwenda kisimani peke yake, ambalo pia ni jambo la kutisha. Wala sisemi amepona. Zipo siku anakaa mbali na wote. Nilimuuliza atajuaje hali ile ikirudi. Alifikiri mpaka nikamaliza msuko. "Nitajua," akasema. "Ila nimwambie nani?"

Nakuletea wewe swali.

Poongodi


Madurai, 9 Januari 1995

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hujajibu. Nimeenda kwa bawabu kuulizia barua mpaka ananikimbia. Labda umekasirika kwamba nimesema. Labda unaumwa.

Orodha imebandikwa. Kinyozi atakuja Alhamisi baada ya Pongal, tarehe kumi na tisa. Nimemwomba Sista Rosammal alifute jina, amesema hawezi kufuta, anaweza tu kuliweka mwisho ili kinyozi amfikie jioni. Dada anajua. Ameniomba nisimsuke tena, anasema ni kazi bure. Nimemsuka hivyohivyo.

Nimeshindwa hata kuuliza habari za nyumbani. Nisamehe.

Poongodi


Karuvelankulam, 26 Februari 1995

Mwanangu Poongodi,

Marahaba, na zaidi ya marahaba. Barua yako ya Januari nimeikuta hapa nilipoteremka na Thenmozhi. Ganapathi alikuwa ameiweka juu ya meza ili aendelee kuitazama. Nikamwambia, "Nipe, ni ya hospitali ya vichaa, mwanangu alikuwa huko, sasa umeshajua, kauze gazeti." Siku ya pili mke wake akaniletea mchicha.

Uliniuliza pale getini kwa nini sikujibu, nikakujibu kwa ukali kwamba basi zimejaa. Sasa nijibu vizuri. Ile barua ya Desemba niliisoma, nikaenda kwenye jiwe la kufulia, nikaweka mto uliofungwa kwenye sari palepale. Nikasimama alipokuwa amesimama. Nikauweka chini, nikatazama mikono yangu. Nikauokota, nikauweka tena. Majirani wanaona. Kila mara mikono inabaki imenyooka kwa kitambo. Nilirudia mpaka jua likawa kali. Baada ya hapo sikuwa na la kuandika. Ilikuwa ni kupata nauli na mtu wa kukamua mbuzi.

Nilivyoingia na Ponni kiunoni na kumwona kinyozi ameshakunja mikono ya shati, na yule bibi amekikumbatia kichwa cha Thenmozhi mapajani akipiga kelele kwamba mkuu wa mkoa amekataza, nilidhani nimechelewa kutia sahihi. Msalimie sana yule bibi. Mwambie chupa inayokuja na mwalimu Velu ni yake peke yake na asimpe muuguzi yeyote.

Sasa habari za humu ndani, bila mbuzi. Dawa anameza, namwangalia mpaka zishuke. Mwezi mzima sikulala. Akiinuka, nainuka. Akimshika mtoto, mimi nashika fremu ya mlango. Alikuwa anaona. Mtoto alikuwa anamkimbia kwa makalio mpaka uvunguni, na hilo lilimuuma kuliko macho yangu.

Ijumaa iliyopita nilikaa nyuma yake barazani, nikapaka utosini, sikuuliza kitu, kama ulivyonifundisha. Ponni alikuwa amemlalia mapajani, kwa mara ya kwanza kwa hiari yake. Nilikuwa naanza msuko, akasema bila kugeuka:

"Mama, leo mchukue Ponni wewe. Mpaka kesho. Leo kichwa changu sikiamini."

Mikono yangu ilikuwa na mafuta mpaka viwikoni. Nilimchukua hivyohivyo, mtoto akateleza kama samaki, tukacheka wote wawili. Nikamwambia, "Nimemchukua. Kaa hapahapa, tumalizie nywele." Akakaa. Jioni nikaenda naye kwa mganga wa zahanati, kesho yake akawa afadhali, akamdai mtoto wake.

Poongodi, usiku ule nililala. Mtu akikuambia hatari haipo hulali. Huyu aliniambia iko, na iko wapi, nikalala.

Nilitaka kutoa mbao kisimani. Amesema ziache kwanza. Zipo.

Sudalai anapata likizo mwezi wa tano. Atampakata Ponni masikio yatobolewe, na wewe omba ruhusa mapema, Sista Rosammal nitamwandikia mimi mwenyewe akikataa.

Na lile swali lako la Juni sikukujibu mpaka leo. Ndiyo, Ponni analia usiku. Sasa tunaamka wawili.

Mama yako mkubwa,
Valliammal